Mlango wa Ghala

Chausiku aliuza mchicha sokoni huku binti yake, Tunu, akishinda chini ya meza, akichezea mizizi. Chekechea ya mjini ilikuwa ya wenye nacho. Ndipo yeye na kina mama wenzake walipofagia ghala lililotelekezwa, wakatandika mikeka, na Bi Sikitu, mwalimu mstaafu, akakubali kuwafundisha watoto wao bure.

Haikupita muda msimamizi wa soko akaja juu. "Hapa si shule, mama. Kesho asubuhi nalipiga kufuli ghala hili."

"Watoto wetu waende wapi, mzee?"

"Hilo mnalijua wenyewe."

Wenzake wakaanza kukunja mikeka. Chausiku akawazuia. Akaazima bisibisi kwa fundi baiskeli, akaanza kufungua bawaba za mlango. Zilikuwa zimeshika kutu. Viganja vikamchubuka, jasho likamwingia machoni, lakini hakuacha. Mlango ulipong'oka, waliuingiza ndani, wakauegemeza ukutani na kuupaka mkaa uliopondwa, ukawa ubao.

Asubuhi msimamizi alifika na kufuli mkononi. Akasimama kizingitini. Mlango ulikuwa mbele ya watoto, umejaa herufi kubwa nyeupe, nao walizisoma kwa sauti moja bila kunyamaza.

Chausiku akaja kusimama kando yake, viganja vimefungwa vitambaa.

"Mama, unajua ulichokifanya?"

"Najua, mzee."

Tunu akageuka, akamtazama yule bwana, kisha akasogea kidogo, akamwachia nafasi mkekani.