Kikomo cha Saa Nane

"Mwanangu, padri ameganda," mlinzi wa lango alisema kwenye simu. "Kamnyanyua mjukuu wangu, vimiguu vinaning'inia juu ya maji, na hamshushi."

Tsigereda akaweka kahawa chini. Yeye ndiye msimamizi wa mtandao wa chuo, na alikuwa amemwahidi mzee huyu kwamba atautazama ubatizo wa mjukuu wake kule Beirut, kwa video ya moja kwa moja, mpaka mwisho. Laini ya intaneti ya lango ingepunguzwa kasi saa nane mchana, si kabla.

Akafungua mtambo wa kugawa kasi. Alikuwa ameandika nane. Mtambo, unaohesabu saa kama Wazungu, ukaibana laini saa mbili asubuhi.

"Gashe, mzee wangu, kosa ni langu. Usikate simu."

"Nikate niende wapi? Kwetu msichana hubatizwa siku ya themanini tangu azaliwe. Hakuna marudio."

Wanafunzi walikuwa wakijiandikisha kwa mitihani, na kasi yote ilikuwa kwao. Wangengoja kidogo, hakuna aliyewahi kufa kwa kungoja fomu. Tsigereda akakiondoa kikomo cha lango.

Akatega sikio kwenye simu. Kisha maji yakasikika, na kilio chembamba cha mtoto.

"Lia, mama," mzee akanong'ona. "Lia, babu nakuona."