Kurumbiza Aliyeimbia Migongo

Hadithi nyingi za visiwani huanza na bahari. Hii inaanza na migongo.

Kila alasiri wanyama wa kisiwa kimoja kidogo walijipanga ufukweni, wakiwategea masikio ndege wa bara, waliokuwa wengi na wenye sauti kubwa. Nyuma yao, juu ya mkarafuu, Kurumbiza aliwaimbia habari za kisiwani, na alichokiona ni migongo tu.

"Mzee Paa," alisihi, "nisikilizeni siku moja tu. Si mcheza kwao hutunzwa?"

"Hutunzwa akijua kucheza," alijibu Paa, mwenye masikio makubwa kuliko wote. "Hebu nyamaza, mwanangu, bara wameshaanza."

Kurumbiza akameza machungu yake, akaruka kuvuka maji. Kule bara walimpa tawi, wakamwambia aimbe. Lakini nyimbo za kule hazikumjia. Kila akifumbua mdomo, kilichotoka ni mkarafuu wake uliolowa mvua, na Paa akichechemea kwenda kisimani. Aliimba huku akitazama kwao, na kwa mara ya kwanza akaziona nyuso zao. Walikuwa wanalia.

Upepo ukamletea sauti ya Paa: "Laiti na sisi tungejaliwa mmoja kama huyu!"