Picha Mbili za Ubongo

Mashavu alikuwa ameishi miaka tisa na ugonjwa unaoshambulia neva za ubongo. Ganzi ya miguu alishaizoea. Kilichomtisha ni siku ile alipogeuka kutoka ubaoni, akakuta amesahau majina ya nusu ya wanafunzi wake. Akaomba apigwe tena picha ya ubongo.

Sasa daktari alibandika picha mbili kwenye kioo chenye taa, ya mwaka juzi na ya wiki hii. Mashavu akasogeza kiti. Aliona madoa meupe, kama matone ya chokaa, akaanza kuyahesabu kwa kidole. Saba huku. Saba kule. Akarudia kuhesabu.

"Ni yale yale, mwalimu," daktari alisema. "Hakuna jipya, wala ubongo haujasinyaa."

"Mbona nasahau?"

"Unalala vizuri?"

"Silali, daktari. Nawaza kwamba iko siku nitawasahau wanangu."

"Basi tuanze na usingizi. Ugonjwa bado upo, ila umetulia."

Dada yake, Hidaya, alikuwa akimsubiri kwenye benchi. Akasimama, macho yakiuliza.

"Ugonjwa umetulia," Mashavu alisema, na wote wawili wakalia kidogo.

Nje jua lilikuwa kali. "Hidaya, fungua hiyo... hiyo ya kujikinga na jua."

Hidaya aliduwaa, akafumbua mdomo amsaidie.

"Acha," Mashavu alisema huku akicheka. "Neno litakuja lenyewe."

Wakaondoka taratibu chini ya mwavuli, mkono kwa mkono, wakilingoja.