Onja Kwanza, Baba

Kwenye dirisha la dawa, Bi Kuruthumu hakumtazama Mbaruku usoni.

"Baba Somoe, ile dawa ya maji ya watoto hatuchanganyi tena. Wakubwa wamekifunga chumba cha kuchanganyia."

"Hao wakubwa wana watoto wenye kifafa?"

"Mie nitajuaje, baba? Chukua vidonge vya watu wazima. Kata robo, saga, koroga na maji. Leo asikose, asije akaanguka tena."

Mbaruku akakaa na binti yake kwenye benchi la nje, akaisaga ile robo kwa mgongo wa kijiko, akaikoroga na maji. Dawa ya zamani ilikuwa na ladha ya ukwaju, na marehemu mkewe alikuwa hampi mtoto kabla hajaionja mwenyewe na kucheka. Somoe alizoea hivyo.

"Onja kwanza, baba."

Akagusisha ulimi. Shubiri ina nafuu. Tangu mazishi hakuwa amecheka, na sasa ilimbidi acheke, maana mtoto asipomeza ataanguka, na wale waliofunga chumba hawatakuwapo kumwinua. Akaulazimisha mdomo mpaka meno yakaonekana.

"Tamu?"

"Tamu, mama."

Somoe alimtazama sana.

"Mama alikuwa anacheka hivyo hivyo, nikimwuliza kama amepona."

Kisha akafumba macho, akaachama. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwa baba yake, kimeinama, na dawa inadondoka tone tone kwenye gauni la mtoto.