Jike Mweupe wa Korbesa

Yule ngamia jike mweupe alikuwa hajaonekana tangu Jumapili, na Mugendi alikuwa amekaa kwenye kliniki moja mjini Isiolo, mkono ndani ya kitambaa cha mashine ya presha, akimuwaza.

"Mia moja sabini juu ya mia na nne," Nesi Umulkheir akasoma. "Bwana Mugendi, mwezi jana ulikuwa mia thelathini. Umefanya nini?"

"Nimetembea kila siku, sista. Vile uliniambia."

"Pumzika dakika kumi nipime tena. Ikikataa kushuka, leo unaanza vidonge."

Vidonge ndivyo alivyoviogopa. Baba yake kule Meru alianza na kidonge kimoja cha asubuhi, na mwishowe akawa anakula dawa nyingi kuliko chakula. Mugendi alikuwa na miaka arobaini na minne tu.

Na kusema kweli alikuwa mgonjwa mtiifu. Miezi mitatu iliyopita alifika hapa macho mekundu, karani wa masjala ambaye kazi yake ni kutukanwa kwa ajili ya faili zilizopotea kabla hajaajiriwa. Nesi hakumpa dawa. Alimwambia atembee kwenda kazini badala ya kupanda bodaboda, azime simu njiani, apunguze sukari kwenye chai, alale mapema. Halafu akaongeza, "Na watu wa huku ukiwasalimia, salimia mpaka mwisho. Wewe unasalimia kama mtu anafukuzwa."

Shida ni kwamba salamu za Isiolo mwisho wake uko mbali. Mzee Huqa, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko, alianza na afya ya Mugendi mwenyewe, akaenda kwa mkewe, akamaliza watoto, akapitia mvua, ndipo akafika kwenye mifugo.

"Na ngamia, wazima?"

"Wazima, mzee," Mugendi akajibu siku ile ya kwanza, maana Huqa alikuwa amesubiri jibu kwa heshima sana.

Kesho yake Mugendi akamwambia wako malishoni Korbesa. Wiki iliyofuata, kwamba yule jike mweupe ana mimba. Huqa hakuuliza ni wangapi. Huku kumuuliza mtu idadi ya mifugo yake ni kukosa adabu. Aliuliza tu wanakunywa maji wapi, kama kupe wamezidi, kama mchungaji ni mtu wa kuaminika. Mugendi alijibu yote, na kila asubuhi alifika kazini amechelewa kidogo na amefurahi sana.

Mmeru, mtu wa shamba, na ngamia! Ofisini wangemcheka mpaka Krismasi, kwa hiyo hakuwaambia. Hata mke wake, Kathure, hakumwambia.

Lakini mambo yalikuwa mazuri, lazima tukubali. Mtu akimpigia kelele pale kaunta, Mugendi alitazama dirishani, akawaona ngamia wake wakitembea polepole, shingo mbele, bila faili hata moja. Presha ikashuka. Alinunua hata chupa mbili za dawa ya kupe kwa Huqa. Bado ziko ofisini, kwenye droo ya chini.

Kisha kiangazi kikakaza. Soko zima lilikuwa likililia mifugo iliyokufa, na Jumatatu Huqa alipouliza, Mugendi aliona aibu kusema wazima. Akasema yule mweupe hakurudi bomani jana. Huqa akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu siku hiyo Mugendi hakupata usingizi wa maana. Ijumaa ndiyo hii, na jike bado.

"Kuna kitu kinakusumbua," Umulkheir akasema, akifunga kitambaa tena na kubonyeza mashine. "Ni kazi?"

"Kazi ni ile ile."

"Ni nyumbani?"

"Kathure hana shida, watoto pia." Mugendi akajibu. "Ni ngamia, sista. Jike. Ana mimba, na amepotea huko Korbesa."

Uso wa nesi ukabadilika. Yeye ni mzaliwa wa Merti, kwa wafugaji, na habari kama hiyo kwao ni ya kupewa pole.

"Pole. Pole sana. Na ulikuwa unanyamaza? Kaka yangu Abass ako Korbesa, ako na pikipiki. Nampigia saa hii." Akatoa simu. "Ana alama gani?"

"Usimpigie."

"Kwa nini? Atapatikana aje ukikaa tu hapa?"

"Tafadhali, sista, usimpigie."

Simu ilikuwa tayari sikioni. Mashine ikalia. Mia moja themanini na tisa.

"Sina ngamia," Mugendi akasema. "Sijawahi kuwa na hata mmoja."

Umulkheir akakata simu. Akamtazama, akatazama mashine, akavuta kiti na kukaa karibu naye.

"Alikuwa amebakisha muda gani azae?"

"Wiki mbili," Mugendi akasema, na machozi yakamtoka.