Hujambo Badala ya Hamjambo

Mtandao wa kutumiana ujumbe ulipobadilisha njia inayowapa waundaji programu ujumbe wa watu papo hapo, Mwanakombo, naye mmoja wao, alifurahi. Sasa ujumbe ulifika kabla mtumaji hajauandika. Ungeweza kutangulia kwa dakika chache au kwa miezi, na hakuna aliyeambiwa umetangulia kwa muda gani. Akaiunganisha na njia hiyo ile spika aliyomtengenezea mama yake, inayomsomea jikoni ujumbe wanaotumiwa wote wawili, kwa kuwa macho yake yamefifia.

Asubuhi hiyo mama alikuwa anakuna nazi, spika ikasema, "Ujumbe wa Mamdogo Saumu: Hujambo, mwanangu? Unakula lakini?"

Mkono wa mama ukasita juu ya mbuzi. "Huyu naye! Siku zote ni hamjambo, mnakula nini. Leo mimi kanitupa?"

"Kakosea tu, mama."

"Saumu huyu huyu? Akosee salamu?" Mama akacheka, akaendelea kukuna.

Mwanakombo hakucheka; huenda Saumu alikuwa bado hajauandika ujumbe huo. Alitoka nje uani, akampigia simu mamdogo wake huko Pangani.

"Mie? Mbona sijaandika kitu leo," Saumu akashangaa. "Kwema lakini? Hamjambo?"

 Kupitia dirisha la jikoni Mwanakombo aliuona mkono wa mama ukizungusha kifuu taratibu.

"Hatujambo," akasema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa, kama anayebishana na mtu: "Hatujambo, mamdogo. Sote. Sote wawili."