Ukutani Kuna Nini Leo?

“Ngazi ya vivuli imeanguka, babu,” Kidege alisema. “Vivuli vya nondo za dirisha vimelala mpaka sakafuni. Na juu yake ametua ndege. Usikohoe, ataruka.”

Babu akakibana kikohozi chake.

Alikuwa fundi saa, mtu wa kuokota skrubu ndogo kama punje ya mchanga, mpaka alipopatwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka wa pili sasa alikuwa haoni ila ukungu mweupe. Kila alasiri, mjukuu wake wa miaka minane akisharudi shuleni, walikaa bega kwa bega sebuleni, Kidege akimsimulia vivuli vya ukutani.

Mtoto huyo alipenda mwanga tangu anatambaa. Alikuwa akivikimbiza vivuli kama paka na uzi. Siku hizi mapenzi hayo yalikuwa yamepita kiasi.

“Kikombe cha tatu unavunja wiki hii!” mama yake alifoka. “Huangalii mbele, akili yote iko kwenye vivuli!”

Mwalimu naye alileta malalamiko yake: Kidege hanakili kitu ubaoni, kutwa uso kaugeuzia dirishani kwenye jua.

“Mwacheni,” babu alimtetea. “Huyu ndiye macho yangu. Akinichoka yeye, mimi nimekwisha.”

Kidege alisikia.

Hospitali walikwenda wote watatu. Daktari alimpima mzee, akasema kesho yake atamfanyia upasuaji jicho la kulia. Kisha akauliza, “Nyumbani kuna mwingine mwenye shida ya macho?”

“Hakuna,” mama alijibu.

“Hakuna,” Kidege akadakia.

Bandeji ilipofunguliwa, Kidege akiwa shuleni, babu aliona kwanza vidole vyake mwenyewe, vimezeeka bila kumwomba ruhusa. Halafu akaona uso wa binti yake, mama yake Kidege, akalia kwa kwikwi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimsihi: “Usimwambie Kidege. Nataka nimshtue mwenyewe.”

Saa kumi jioni alikuwa kitini mwake, amenyooka kama bwana harusi, binti yake amekwisha kwenda kazini. Mlango ukafunguliwa. Kidege aliingia taratibu, mkono mmoja ukiteleza ukutani, akakigusa kiti, akaketi kwenye kigoda kando yake. Loo, amerefuka! Na macho yale makubwa, macho ya marehemu bibi yake kabisa. Babu alijiuma mdomo asije akapiga kelele ya furaha.

“Daktari amesemaje, babu?”

“Ah, tusubiri kwanza,” alimdanganya.

Kidege akashusha pumzi. “Basi usijali. Mimi nipo.”

“Najua upo. Haya, ukutani kuna nini leo?”

“Leo jua kali kwelikweli. Majani ya mti yanacheza. Ngoja nikuhesabie. Moja, mbili, tatu…”

Babu akautazama ukuta. Nje mawingu yalikuwa yametanda, na ukuta ulikuwa wa kijivu, mtupu, bila hata kivuli cha kiti.

Moyo wake ukafurika. Kumbe! Siku zote hizi mtoto alikuwa akimtungia tu, ili mzee asikate tamaa. Mtu mdogo hivi alipata wapi huruma kubwa hivyo? Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akainama polepole ili amfumanie mwongo wake mpenzi, akanyoosha mkono, akaupunga mbele kabisa ya uso wa mtoto.

Macho yale makubwa hayakupepesa.

“…saba, nane,” Kidege aliendelea kuhesabu, “tisa…”